Gereji ya uani Dodoma: bati, tofali au kontena?

Ukisema tu kwamba unataka kujenga gereji nyuma ya nyumba, kila mtu atakuuliza: tofali au bati? Ni swali halali, ila linakuja mapema mno. Kwa hapa Dodoma, kinachoamua kama gereji itakufaa au itageuka stoo ya maturubai na baiskeli mbovu ni mambo matatu: njia ya gari kufika huko nyuma, sakafu, na mlango. Ukuta ni wa nne. Nimeona mabanda ya bati yenye sakafu nzuri yakitumika kila siku kwa miaka, na nimeona gereji za tofali zenye plasta na rangi ambazo gari haliingii kwa sababu kona ya nyumba inazuia.

Ninayoizungumzia ni gereji ya gari moja, ya mtu anayependa kushika spana mwenyewe Jumamosi. Vipimo nitakavyotumia humu ni mita 4 kwa 7 kwa ndani. IST ina urefu wa mita 3.85 na Prado hukaribia mita 4.8, kwa hiyo kwa mbele inabaki nafasi ya meza ya kazi hata kwa gari kubwa. Ukibana upana hadi mita 3 gari litaingia, ila wewe utakuwa unatoka ubavu ubavu, na gurudumu la upande wa ukutani hutaweza kulifungua kwa raha.

Njia kabla ya ukuta

Nyumba nyingi za hapa zimekaa katikati ya kiwanja, na ubavuni unabaki uchochoro. IST ina upana wa karibu mita 1.7, Prado karibu mita 1.9, na hapo vioo vya pembeni havijahesabiwa. Uchochoro wa mita 2.5 unaipitisha IST kama njia imenyooka. Kukiwa na kona ya kuzunguka nyumba, hata mita 3 zinabana. Panga mawe pale ukuta utakapokuwa, kisha ingiza gari na kulitoa kinyumenyume kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Jaribio hili ni la bure, na wengi hawalifanyi.

La pili ni karo, yaani shimo la maji taka. Kwa nyumba isiyounganishwa na bomba la maji taka la mji, shimo mara nyingi liko uani, na mfuniko wake ulimwagwa kwa kubeba miguu ya watu, si gari la tani mbili. Tafuta shimo liko wapi, chemba ziko wapi, na bomba linapita wapi. Njia ya gari isipite juu ya mfuniko, na gereji isikalie chemba, kwa sababu siku ikiziba utavunja sakafu. Kama hakuna pa kupita isipokuwa juu ya shimo, basi kazi yako ya kwanza ni kumwaga mfuniko mpya wenye nondo za kutosha, na hapo muite mtu anayejua hesabu za zege, si wa kukadiria kwa macho.

Kibali cha ujenzi kinatoka Halmashauri ya Jiji, iliyochukua kazi hiyo baada ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) kuvunjwa mwaka 2017. Usijidanganye kwamba bati halihesabiki. Banda lililosimikwa kwenye zege ni jengo, na jirani akilalamika kuhusu mpaka ndipo utakapoambiwa hivyo.

Banda la bati

Sifa yake kubwa kwa Dodoma haisemwi mara nyingi: mchwa hawana cha kula. Fremu ni ya bomba za mraba, inchi 2 kwa nguzo fupi na inchi 3 ukitaka uimara wa kweli, na juu yake bati. Mbao hakuna. Ukiwa umekaa hapa misimu miwili mitatu umeshaona zile njia za udongo zinazopanda ukutani, nyembamba kama kidole, kuelekea kwenye kenchi zinazobeba paa. Kwenye banda la chuma zikipanda haziendi popote.

Sifa ya pili ni kasi. Vifaa vikishafika na nguzo zikishasimikwa, fundi wa kuchomelea na wasaidizi wawili wanasimamisha banda ndani ya siku chache, wakati ukuta wa tofali unasubiri msingi, unasubiri mkanda wa zege, unasubiri plasta. Ya tatu ni kwamba ukifunga kwa bolti badala ya kuchomelea kila kiungo, siku ukihama unaondoka nalo. Mpangaji mwenye gari na mwenye nyumba muungwana asiangalie chaguo lingine.

Sasa kasoro. Bati saa nane mchana mwezi wa Novemba ni tanuri. Hakuna atakayekaa humo kufungua gia boksi. Rangi ya bati ina mchango: lile la kahawia iliyokolea au jeusi linapendeza machoni lakini linavuta joto kuliko jeupe au la kijivu cha kawaida. Dawa ya kweli ni hewa. Acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya ukuta na paa pande mbili zinazotazamana, uzibe kwa wavu, na paa liwe juu, mita 3 kwenye upande wa juu ikiwezekana. Hewa moto itatoka yenyewe.

Upepo ndio unaoua mabanda mengi. Kuanzia Juni hadi Oktoba huku unavuma wa mashariki na kusini mashariki, mkavu, wenye vumbi, na haupumziki. Banda ni jepesi na lina uso mpana, kwa hiyo upepo ukiingia kwa mlango na kukosa pa kutokea unalisukuma paa kutoka chini. Nguzo ziingie kwenye zege lisilopungua sentimita 60 kwenda chini, na bati zifungwe kwa skrubu zenye mpira, si misumari iliyopigwa kwa haraka. Geji nayo usidanganywe: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Kwa paa chukua 28. Kwa ukuta 30 inatosha. Geji 32 waachie wanaofunika banda la kuku.

Halafu wezi. Mwenye spana namba 8 na dakika kumi anafungua ukuta wa bati kutoka nje bila kelele. Huwezi kuliondoa tatizo hili kabisa. Unaweza kulipunguza kwa kuweka weldimeshi (wavu wa chuma) kwa ndani upande wa meza ya kazi, na vifaa vya thamani kuvifungia kwenye sanduku la chuma lililokazwa sakafuni kwa bolti. Kama unasafiri mara kwa mara na una seti ya vifaa uliyoikusanya kwa miaka, soma sehemu inayofuata kwa makini zaidi.

Ya tofali

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaposhtukia katikati ya kazi. Gereji ya mita 4 kwa 7, ukuta wa mita 2.7, ukitoa mlango mpana na dirisha moja, unabaki na karibu mita za mraba 55. Kila mita moja ya mraba inakula tofali 9 hadi 10 za block zilizosimama. Hiyo ni kama tofali 500 za ukuta. Msingi wa kozi (mistari) nne za tofali za kulala ni 200 nyingine. Ongeza za kuvunjika, ufikie 750. Kama unafyatua mwenyewe, mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6 zenye heshima. Anayekwambia anatoa 50 anakuuzia mchanga.

Ukinunua zilizofyatuliwa, usiridhike na sura. Chagua tofali moja wewe mwenyewe katikati ya rundo, si lile analokupa, ulikwaruze kwa msumari. Likitoa unga kirahisi, ondoka. Kisha liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likikatika vipande viwili linavumilika. Likimwagika, huo ukuta utamwagika pia. Udhaifu mara nyingi hautokani na saruji peke yake. Jua la hapa linakausha tofali kabla halijakomaa, na kiwanda kisichomwagilia kwa wiki moja kinakuuzia kitu kilichokauka, hakijaiva.

Inchi 5 au inchi 6? Kwa chumba cha kulala chenye kuta za kukata katikati, inchi 5 hupita. Gereji ni sanduku refu lisilo na ukuta wa kati, na upande mmoja wote ni mlango. Chukua inchi 6, na weka nguzo ya zege kila baada ya mita 3 hivi. Juu zungushia mkanda wenye nondo za milimita 12. Dodoma iko kwenye Bonde la Ufa na matetemeko madogo si habari ngeni. Mkanda ndio unaozishika kuta nne zisiachane. Pale mlangoni usiukate, uache upite juu kama linta, yaani boriti ya juu ya mlango.

Tofali linakupa utulivu: joto linaingia taratibu, vumbi halipenyi kwenye viungo, mwizi anabaki na mlango tu wa kuhangaika nao, na nyumba ukija kuiuza gereji inaonekana kwenye bei. Wagogo walijua hili la joto zamani. Tembe lenye kuta nene na paa bapa la udongo lilikuwa na ubaridi mchana, na lilikaa chini kiasi kwamba upepo haukuwa na pa kushika. Sisi tumepandisha kuta, tukaweka bati, sasa tunanunua feni.

Kasoro yake ni kwamba mchwa wanapenda. Hawali block, lakini wanapanda kwa ndani ya ukuta, kwenye mianya ya udongo na plasta, mpaka kwenye kenchi, na utagundua papi (mbao nyembamba inayoshika bati) ikishakuwa ganda tupu. Nyunyiza dawa ya mchwa kwenye msingi na kwenye kifusi kabla ya kumwaga jamvi (sakafu ya zege), kwa sababu baada ya hapo ni kutafuta njia za panya. Mafundi wengi hupaka mbao oili chafu. Inasaidia kwa muda, inanuka, na inachochea moto. Kwa gereji yenye petroli na mashine ya kuchomelea mimi ningeweka kenchi za chuma hata kama kuta ni za tofali.

Kuhusu udongo wenyewe: sehemu nyingi za hapa ni mwekundu wenye mchanga, unaobeba vizuri. Ukiwa bondeni kwenye mbuga ya mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ukuta wa tofali utapata nyufa usipochimba msingi kwa kina na kuufunga nondo. Hapo bati linashinda bila ubishi, kwa sababu fremu hujipinda kidogo bila kuvunjika.

Za kuchoma na za kufungamana nazipitia haraka. Tofali za kuchoma ni nafuu ukizipata karibu, ila zinatofautiana hata ndani ya tanuru moja, na kuni zinazozichoma zinatoka kwenye miti ambayo mkoa huu hauna ya kuchezea. Tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo zilizoshindiliwa kwa mashine, zinafaa sana kwenye udongo wetu wa kichanga na zinaokoa chokaa ya kujengea na plasta. Shida ni kumpata fundi aliyewahi kuzijenga kweli. Ukimpata, usimwachie.

Kontena

Linavutia. Ni chuma kitupu, lina mlango wake, linashushwa asubuhi na jioni unafunga kufuli. Kwa hiyo nitoe vipimo tu. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 5.9 kwa ndani na upana wa mita 2.35. Ingiza IST ya mita 1.7: unabaki na sentimita 65, yaani 32 kila upande ukiwa umeliegesha katikati kabisa. Jaribu kufungua mlango wa gari kwenye sentimita 32 halafu ujitoe. Prado wala tusiongee.

Kama gereji ya gari, kontena limeshindwa. Kama stoo ya vifaa, halina mpinzani kwa usalama. Ndiyo maana wenye viwanja vikubwa, kule Ihumwa au Mtumba, wanaweza kufikiria mpango mwingine: makontena mawili yakae sambamba yakiachana mita 4, juu yake kenchi na bati. Gari linakaa katikati, kontena moja ni stoo, la pili ni karakana. Paa hilo lifungwe kwa kuchomelewa kwenye fremu ya kontena, kwa sababu uwazi ule katikati ni njia ya upepo.

Kumbuka na usafirishaji. Kutoka Dar ni kama kilomita 450, kisha unahitaji lori lenye krini la kulishusha, na krini hiyo ipite getini kwako na isiguse nyaya za umeme. Kontena tupu ni tani mbili na zaidi. Watu wamelinunua likaishia kukaa mbele ya nyumba kwa sababu nyuma halifiki.

Tofali mpaka kiunoni, bati juu

Hili ndilo ningelichagua kwa nyumba ya kawaida ya Dodoma. Unajenga kozi nne au tano za tofali juu ya jamvi, kama mita moja, nguzo za chuma zikiwa zimeshasimikwa kwenye zege ndani ya ukuta huo, kisha bati kuanzia hapo hadi juu. Maji ya mvua yanayorusha tope hayagusi bati, kwa hiyo kutu chini hakuna. Vumbi linalotambaa ardhini linakutana na ukuta. Meza ya kazi na jiliwa vinapata pa kukazwa. Anayetaka kufungua skrubu lazima aanzie juu ya mita moja, na bado ana weldimeshi kwa ndani. Tofali zinashuka hadi karibu nusu, na huhitaji mkanda wa juu, kwa sababu paa linabebwa na nguzo za chuma.

Tofali kamili ningeiacha kwa mtu mwenye vifaa vya bei, anayesafiri sana, au anayejua siku moja chumba kile kitageuzwa kuwa cha mpangaji. Hilo la mwisho hutokea kuliko tunavyokiri.

Sakafu: usibane hapa

Fundi atakwambia, "Bosi, inchi tatu inatosha, gari dogo hili." Inatosha kuegesha. Siku utakapoweka jeki, uzito wa robo ya gari unakaa kwenye eneo la kiganja. Mwaga sentimita 10 kwa gari dogo na 15 kwa Prado au Hilux, juu ya moramu iliyoshindiliwa vizuri na nailoni ngumu chini, na wavu wa chuma wa BRC katikati ya zege, si chini yake ambako mara nyingi unakanyagwa na kuachwa. Kwa mita za mraba 28, sentimita 10 ni mita za ujazo 2.8, kama mifuko 18 ya saruji kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne. Sentimita 15 ni kama mifuko 27. Tofauti ya mifuko tisa kwa kitu ambacho huwezi kukirudia.

Mimina alfajiri au jioni. Ukimwaga saa sita, upepo na jua vinanyonya maji ya juu na nyufa zinaanza siku hiyohiyo. Funika kwa magunia yaliyolowa na uendelee kumwagilia siku saba. Kama maji ya bomba ni ya mgao mtaani kwako, jaza simtanki kabla ya kuita mafundi.

Juu, watu wanapenda niru (tabaka laini la saruji) inayong'aa. Inapendeza na inafutika, lakini ikidondokewa oili inateleza vibaya. Mimi napendelea ipigwe fagio kidogo ikiwa mbichi. Mteremko uelekee mlangoni, sentimita 7 hadi 10 kwa urefu wa mita 7, ili maji yatoke. Vigae hapana: jeki inavivunja. Pevingi ni nzuri kwa njia ya nje, ila ndani zinanyonya oili na stendi ya kubebea gari inazama pale mchanga ulipo laini. Moramu tupu inafaa kwa mwaka wa kwanza tu, na kila nati itakayokudondoka utaitafuta kwa sumaku.

Mlango

Upana usipungue mita 2.7, kimo mita 2.3. Ukipanga kuweka kerea juu ya gari, ongeza kimo.

Geti la mabawa mawili ndilo rahisi, linatengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea, na likiharibika anakuja na bawaba mpya. Lakini ni kama tanga la jahazi. Upepo wa Agosti ukilikamata likiwa wazi, linapiga gari au linang'oa bawaba. Lazima liwe na komeo la kushuka ardhini pande zote mbili, la kulishika likiwa limefunguliwa pia. Linataka na nafasi mbele ya kufungukia, kitu ambacho uani huwa haba.

Geti la kuslaidi halisumbuliwi na upepo na halitaki nafasi ya mbele, ila linataka ukuta wa ubavuni wa kukaa likiwa wazi. Mita 3 za mlango, mita 3 za ukuta. Reli ya chini inajaa mchanga kila wiki, kwa hiyo ning'iniza geti kwa reli ya juu na chini weka mwongozo mdogo tu.

Shata la kukunja linaokoa nafasi zote, linaonekana safi, na linafunga vizuri. Ni ghali kuliko mengine, na vumbi letu linakaa kwenye mifereji ya pembeni mpaka linakwama nusu. Kwa anayeweza kulipia na kukumbuka kusafisha mifereji, sawa. Kwa wengine wote, la kuslaidi la reli ya juu.

Mlango utazame kaskazini kama kiwanja kinaruhusu. Ukitazama mashariki unakaribisha vumbi, ukitazama magharibi jua la jioni linaingia mpaka kwenye meza. Na haijalishi ni mlango gani, gari lisiwashwe ndani ukiwa umefungwa. Ndani ya moshi wake kuna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Shimo la kukagulia, au jeki na stendi

Shimo linavutia ukiwa unabadilisha oili. Upana wa sentimita 80, kina cha mita 1.5 hivi, kuta za tofali zenye plasta, ngazi upande mmoja, mbao za inchi mbili za kufunikia. Tatizo ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kukaa shimoni, na wewe unashuka na taa ya waya uliounganishwa kwa selotepu. Ongeza watoto wanaocheza uani na siku mbao zilipoachwa pembeni. Kwa gereji ya nyumbani sipendekezi. Jeki nzuri ya magurudumu, stendi nne, na ramp mbili za chuma zinakufikisha kwenye kazi nyingi za mtu asiye fundi wa kulipwa. Ila jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kubeba. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, hata kwa dakika ya kuokota spana.

Umeme, paa na maji

Gereji ipate waya wake kutoka kwenye bodi kuu na breka yake yenyewe, usiunge kutoka soketi ya jikoni. Kompresa na mashine ya kuchomelea vikianza kwa pamoja kwenye waya mwembamba, taa za ndani zinapepesa na waya unachemka ndani ya ukuta. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na msisitize kuhusu ethi, ile njia ya kupeleka umeme ardhini ukivuja. Udongo mkavu wa kiangazi haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya ethi iingie kwa kina na iwekwe mahali panapopata maji, kama karibu na bomba la kumwagilia. Soketi ziwe juu ya meza, si chini ambako mvuke wa petroli hukaa.

Paa nalo lina faida iliyofichika. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 35 linapokea lita 20,000 hivi, na hata ukitoa za kumwagika unakusanya 16,000. Gata upande mmoja, paa literemkie huko, na tangi juu ya jukwaa la tofali. Kwa kuoshea gari na kumwagilia miche, hutagusa maji ya bomba miezi kadhaa. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi la miezi saba.

Kama fedha inakuja kwa mafungu

Anza na jamvi, nguzo na paa. Hapo tayari una kivuli cha gari, rangi ya gari haiungui, na mvua hailinyeshei. Fungu la pili ni ukuta wa kiunoni na bati za upande wa mashariki, unakotoka upepo. La tatu ni kuta zilizobaki na mlango. Umeme uwe wa mwisho, lakini bomba la waya lipitishwe chini ya jamvi tangu siku ya kwanza, likiwa na uzi ndani wa kuvutia waya baadaye. Na mwambie fundi aache nguzo mbili za mlangoni zikiwa na vipande vya chuma vilivyochomelewa tayari kwa ajili ya reli. Kuja kuchomelea reli juu ya bati lililokwisha pakwa rangi ni kuunguza rangi na kualika kutu mahali pabaya kuliko pote.